Mama Mkwe wa Juu ya Lori

Mnaniita mkongwe wa jukwaa, nami nawashukuru kwa heshima hiyo, lakini tuelewane mapema: jukwaa lenyewe lilikuwa lori la vitunguu. Mwenye lori alikuwa Mzee Abdalla, mchuuzi na msafirishaji wa mjini Meru, ambaye babake alikuja huku kununua ngozi akasahau kurudi kwao. Siku ya soko alishusha mzigo wake asubuhi, akafungua mbao za ubavuni, na sisi tukapanda. Hapo juu ndipo nilipocheza ngoma na kuigiza ujana wangu wote. Mnapokuja kunitembelea hapa karibu na soko la Gakoromone na simu zenu, mkaniambia, "Shosho, simama hapo kwa mwangaza tukuchukue video," najua mnatarajia nianze kusimulia mapazia mekundu. Poleni.

Juzi binti mmoja wa sekondari, anayejiandaa kwa mashindano ya maigizo, aliniuliza, "Shosho, enzi zenu ulikuwa na followers wangapi?" Nikamwambia walikuwa wengi, hasa mbuzi. Akaandika kwenye daftari lake. Ni mtoto mwenye bidii.

Basi nianze na kazi, maana mapenzi yatakuja yenyewe. Bodi ya lori si sakafu. Mbao zake zina nyufa, na kwenye nyufa hubaki kila kilichowahi kubebwa. Mchezaji wa lori hufagia kwanza, kisha hutembea pekupeku akitafuta kwa nyayo mahali chuma kilipopita chini ya mbao. Ukikanyaga juu ya chuma, mguu wako hausikiki. Ukikanyaga kati ya chuma na chuma, ubao unalia vizuri kuliko ngoma yenyewe. Mimi nilikuwa nachezea kwenye ubao unaolia na kusemea kwenye chuma, na soko zima lilinisikia. Siku hizi mna vipaza sauti vya kubandika shavuni, na mtu wa safu ya tatu bado anauliza jirani yake, "Amesema nini?"

Watazamaji nao hawafanani. Kianjai wanaume walikuja na miraa shavuni. Mtafuna miraa hacheki haraka, lakini pia haondoki; ukimpa mzaha mchana, anautafuna mpaka jioni ndipo anaucheka, akiwa njiani kwenda nyumbani, na mkewe anadhani anachekwa yeye. Embu, msimu wa kuchuma kahawa, akina mama walifika wamechoka, na mtu aliyechoka hucheka kabla hujamaliza sentensi. Kule tulisema polepole. Mkija kushindana mbele ya majaji wenye njaa, kumbukeni hilo, maana hakuna mwalimu atakayewaambia.

Aliyenifundisha haya yote alikuwa Mwalimu Njeru, mtu wa Embu, aliyefundisha shule hadi akamaliza walimu wakuu wa kugombana nao. Hali ya hatari ya wakoloni ilipoondolewa na watu wakaruhusiwa tena kukusanyika, alikusanya vijana waliojua kucheza akaanzisha kikundi. Kanisani walikuwa wakisema ngoma ni ya shetani, kwa hiyo Mwalimu hakutangaza ngoma hata siku moja. Alitangaza "mafundisho ya ndoa." Wazee wa kanisa walikuja wakakaa mbele kabisa, ili wahakikishe.

Igizo letu kubwa lilikuwa moja, nalo lilihusu kijana mpole, mkewe mpya, na mama mkwe mwenye maneno. Mimi nilikuwa mama mkwe. Nilikuwa msichana ambaye hata kitambaa cha kichwa hakijamkaa vizuri, lakini hapakuwa na namna. Wanawake wazima hawangepanda lori wakatazamwa na wanaume. Na bibi harusi singeweza kuwa, kwa sababu mama yangu alisema, "Ukiolewa juu ya lori mbele ya soko, nani atakuoa tena chini?" Kwa hiyo bibi harusi akawa Kirimi, fundi cherehani mwembamba mwenye sauti laini, na mimi nikapewa uzee. Mama aliridhika sana. Alisema hakuna mwanamume anayemtongoza mama mkwe.

Sasa hapa inabidi niwaeleze kitu, maana nyinyi mnawakumbatia wakwe zenu na kuwawekea keki mdomoni. Kwetu, Meru na Embu na Mbeere, mwanamume na mama wa mkewe hawakuwa watu wa kuzoeana. Mmoja ni muthoni wa mwenzake. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye kijia, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Nimeona mzee mzima, mwenye shamba na ng'ombe, amejificha nyuma ya mgomba mwembamba kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anarudi mtoni. Mgomba ulimficha pua tu, lakini heshima ni nia.

Igizo letu lilisimama juu ya jambo hilo. Mwalimu Njeru alitunga ngoma ambayo mama mkwe na mkwe wanajikuta kwenye karamu moja na wote wawili wanapenda kucheza. Basi wanacheza wakipeana migongo. Mguu kwa mguu, bega kwa bega, wanazunguka lori lote, na hawatazamani hata mara moja. Ukisikia mwenzako ameenda kulia, unakwenda. Akipunguza, unapunguza. Hakuna kuchungulia. Niliwajua wacheza ngoma wazuri kuliko mimi ambao hawakuiweza, kwa sababu walitaka kuona. Mimi niliipenda ngoma ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na wala sikuwa na vingi.

Aliyecheza mkwe alikuwa Mutuma, kijana mrefu wa Imenti, mkimya, mwenye nyayo kubwa zilizokuwa zikigusa ubao taratibu kana kwamba zinaomba ruhusa. Mwalimu Njeru, kwa vile alipenda mambo yaonekane ya kweli, alituamuru tuheshimiane hata chini ya lori. "Msile pamoja. Msiketi pamoja. Mkizoeana huku, kule juu mtachungulia." Basi tulizunguka masoko ya Meru na Embu nikiwa naujua mgongo wa Mutuma kuliko ninavyoujua wangu, na uso wake siujui vizuri. Kama angepotea nikaulizwa anafananaje, ningesema ana visigino vizuri.

Makosa mengi nimefanya, lakini lile la Gachoka ndilo lililotupa jina. Lori lilikuwa limebeba ndengu kutoka Mbeere, na siku hiyo nilifagia kivivu, kwa sababu jua la Gachoka halimhurumii mwenye ufagio. Katikati ya ngoma nikakanyaga punje za ndengu, nikaanguka chali, puu, miguu juu, kitambaa kule. Mtu mwingine yeyote angekimbia kuniinua. Lakini Mutuma alikuwa mkwe. Alisimama palepale akiwa amenipa mgongo, mikono ameirudisha nyuma, akawauliza watazamaji kwa adabu, "Jameni, mama ameamka?"

"Bado!" wakamjibu.

"Amevunjika?"

"Hajavunjika, anakuangalia!"

Mutuma akaruka kama aliyekanyaga siafu, akajifunika uso kwa koti. Nawaambia, Gachoka walicheka mpaka punda wakaanza kuitikia. Mzee Abdalla, ambaye kwa kawaida alikaa kwenye usukani akihesabu tasbihi asione mambo yetu, alitoka nje akajishika mbavu. Tangu siku hiyo nilianguka katika kila soko, kwa makusudi, na kuanguka kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kucheza. Unaachia magoti kwanza, kisha nyonga, kichwa kinabaki na kidevu kifuani. Msijaribu leo na sare za shule.

Lakini mimi nililala pale kwenye ndengu nikaona mikono yake inapapasa hewani kunitafuta. Haikuwa kwenye maigizo. Nikasema moyoni, huyu mtu anataka kuniinua.

Sasa njooni Kianjai, ambako ni kwetu. Mwalimu Njeru aliamka siku hiyo na wazimu wake wa ukweli. Kwenye sehemu ya kuleta mahari, sisi tulizoea kutumia mbuzi wa gunia. Siku hiyo akanunua mbuzi wa nyama na damu. Kama hiyo haikutosha, akawaalika wazee kutoka kwenye umati wapande lori wampokee, na kwa sababu ilikuwa Kianjai, waliopanda walikuwa wazee wa ukoo wetu, rika la baba yangu. Mbele yao alikuwa Mzee M'Ithinji, mwenye fimbo na sauti. Wakaletewa pombe ya asali, nayo ya kweli. Wakaonja, wakaonja tena. Halafu M'Ithinji akasimama, akatubariki kama binti na wana wa nyumba yake: mimi mama, Mutuma mkwe wangu, na Kirimi bibi harusi ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kuota chini ya leso. Akatupulizia pombe kifuani kama ilivyo desturi. Watu wakaitikia. Mbuzi akaliwa. Mwalimu Njeru alifurahi siku nzima, akisema hajawahi kuona uigizaji bora kuliko wa wale wazee.

Wazee hawakuwa wanaigiza.

Tuliendelea na safari zetu. Uhuru ulikuja na bendera ikabadilishwa tukiwa barabarani, tukaigiza palepale watu walipoimba, na mwaka haukupita Kirimi akaoa mke halisi akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa upande wa Embu. Tukapata bibi harusi mwingine, naye wa kiume. Mimi na Mutuma tulibaki na migongo yetu. Siku moja lori lilikwama kwenye matope, Mzee Abdalla akaenda kutafuta watu wa kusukuma. Nikakaa upande huu wa gurudumu, Mutuma akakaa upande ule. Halafu nikasikia, "Kanyua."

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Nilikuwa Mama.

"Nakusikia," nikasema.

"Hii mambo ya kuwa mkwe, mimi nimechoka nayo. Naweza kuja kwenu na wazee?"

Nikamwambia aje. Nilisema hivyo nikilitazama gurudumu, na ninakumbuka kila nati yake. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kwamba nimekalia matope.

Wakaja kwetu Kianjai. Wazee wake wakaeleza nia yao vizuri, wa kwetu wakasikiliza vizuri. Halafu Mzee M'Ithinji akaweka kibuyu chini.

"Huyu kijana mimi namjua," akasema. "Ni mkwe wa huyu msichana. Nilibariki mwenyewe, juu ya lori."

"Mzee, ile ilikuwa mchezo," baba yangu akamwambia.

"Mbuzi ilikuwa ya mchezo?"

"Ya mchezo, ndiyo."

"Na nyama yake? Mimi nilikula. Ile nyama haikuwa ya mchezo. Na baraka yangu je? Nilitoa kwa mdomo wa mchezo?"

Mnacheka, lakini jaribuni kumjibu. Ukisema baraka ile haikuwa na nguvu, umemwambia mzee kwamba mdomo wake ni mtupu, na ndoa zote alizobariki Kianjai zianze kuulizwa. Ukisema ilikuwa na nguvu, basi unaolewa na mkwe wako. Mama yangu alikuwa ndani akichota uji. Yeye ndiye aliyenichagulia umama mkwe ili wanaume wasinisumbue, na sasa alikuwa amefaulu kupita matarajio.

Wazee walikaa sana. Mwishowe M'Ithinji, ambaye hakuwa mtu mbaya, akatoa njia. Kilichofungwa mbele ya watu kinafunguliwa mbele ya watu. Turudi sokoni siku ya soko, juu ya lori lilelile, na bibi harusi yuleyule. Mbuzi arudishwe, ndoa ya Kirimi na Mutuma ivunjwe, na ukwe ufunguliwe kwa mdomo uleule. Kisha akaongeza neno moja. "Mkishafungua, hiyo ngoma msicheze tena. Mkiicheza mmejifunga upya, na mimi sitakuwa hai kuwafungua."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogawanyika. Nilikuwa nimeombwa nichague mtu au kazi, na ile kazi ilikuwa mwili wangu wote. Sikujua kulima kwa kupenda. Sikujua kuuza. Nilichojua ni kucheza nikiwa nimempa mgongo mtu nisiyemwona na kujua anaelekea wapi. Mwalimu Njeru alikuja kwetu akiwa amevaa tai, jambo lililonitisha. "Kanyua, waume wapo wengi," akasema. "Migongo kama hiyo haiko. Fikiria kikundi." Mzee Abdalla nilipomwuliza, alijibu kama mfanyabiashara. "Binti yangu, lori likibeba nyinyi au likibeba vitunguu, mafuta ni yaleyale. Mimi sina la kukushauri." Lakini aligeuka akanitazama kwa huruma, akaniletea kahawa yenye tangawizi.

Mutuma alikuwa mtu wa mwisho kusema. Alikuja akasimama nje ya ua, akiwa amegeukia barabara, kama inavyompasa mkwe. "Ukitaka ngoma, nitaelewa," akasema. "Nitabaki mkwe wako, tucheze mpaka tuzeeke. Mimi si mtu wa kukulazimisha."

Nikatazama ule mgongo. Nilijua ulipokuwa umechoka na ulipokuwa umelala vibaya. Nikajiuliza, hivi nitakufa sijui mtu huyu akicheka uso wake unakaaje? Nilimtaka. Niseme wazi kwa sababu umri wangu sasa hauna aibu: nilimtaka sana, na ngoma niliitaka sana, na hakuna aliyenipunguzia upande wowote.

Nikamwambia, "Tafuta mbuzi."

Basi tukarudi sokoni Kianjai. Kirimi alitoka kiwandani kwake na kitambi kidogo na watoto wawili, akafungiwa leso ili aachwe rasmi. Alilalamika kwamba hakuwahi kuulizwa kama anataka kuachwa. Soko lilijaa kupita siku zote, maana habari ilikuwa imetangulia. Hata waliokuwa wakiuza waliacha viazi vyao bila mtu. Nilifagia lori mwenyewe, nikalifagia tena. Tukaigiza igizo zima kama kawaida. Nikaanguka, Mutuma akauliza kama mama ameamka, wakajibu. Kisha tukacheza ngoma ya migongo, na nikaipunguza mwendo kwa nyayo zangu, na yeye akapunguza, kwa sababu wote wawili tulijua. Mpigaji ngoma akatuacha tuende polepole. Nililia nikicheza. Hakuna aliyeona isipokuwa upande wa soko niliokuwa nimeuelekea, nao walidhani ni uigizaji, wakapiga makofi.

Ngoma ikaisha. M'Ithinji akapandishwa na vijana wawili, maana magoti yake hayakuweza tena kupanda lori. Akampokea mbuzi akamrudisha kwa upande wa Mutuma. Akamwambia Kirimi yuko huru. Kirimi akasema asante kwa sauti yake nene ya siku hizo, na watu wakagongana vichwa kwa kicheko. Halafu mzee akatema mate chini upande wangu na upande wa Mutuma, akasema kilichofungwa kimefunguliwa, na kwamba yeye aliyefunga ndiye aliyefungua. Umati ukaitikia. Mzee akanigeukia.

"Sasa mtazame."

Mnafikiri ni rahisi. Miaka yote ile shingo yangu ilikuwa imefundishwa isigeuke, na siku hiyo ilikataa. Niligeuka kwa miguu kwanza, kama mtu anayegeuza gunia. Mutuma alikuwa tayari amegeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, pua imevimba, na mdomo ulikuwa umesahau kazi yake. Alipaswa kusema maneno mazuri ambayo Mwalimu Njeru alikuwa ameyatunga. Akanyoosha mkono. Nikaushika.

Wanawake wa Kianjai wakapiga ukelele wa aibu. Wakajifunika nyuso kwa leso, wakachungulia, wakajifunika tena. Walikuwa wamesikia kwa masikio yao kwamba tumefunguliwa, lakini macho yao bado yalimwona mkwe akimshika mama mkwe mkono mchana kweupe. Kikaja kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena duniani. Wanaume wa miraa, wale ambao hucheka jioni, walicheka palepale. M'Ithinji alicheka akashikwa asianguke. Mwalimu Njeru alikuwa ameegemea gurudumu, anacheka na analia, akisema, "Hicho ndicho nilikuwa nikitafuta. Hicho." Na sisi wawili tulisimama katikati tukiwa tumeshikana, tukijua kwamba ndicho kizuri kuliko vyote tulivyowahi kufanya juu ya lori na kwamba hatuwezi kukirudia.

Tulijaribu maigizo mengine. Watu walikuja mara mbili tatu kwa adabu. Lakini nani ataacha shamba lake aende kutazama mume na mke wakitazamana? Hao wako nao nyumbani. Kikundi kikasambaratika polepole bila ugomvi, Mzee Abdalla akarudia vitunguu vyake, na mimi nikajifunza kulima bila kupenda.

Mutuma yuko nyuma ya nyumba, anafunga maharagwe kwenye vijiti. Akicheka, shavu la kushoto linapanda kuliko la kulia. Nilichukua muda kulizoea. Mkiniuliza kama najuta, nitawajibu kweli. Siku za kawaida sijuti hata kidogo. Siku ya soko, lori tupu likipita hapo barabarani, mbao zikilia, najuta mpaka lipite.